Shajara ya mradi: umeme hadi nyumba ya mwisho

Mwezi wa kwanza

Ramani tuliyokabidhiwa na wafadhili ina alama moja ya kijani juu ya kijiji kizima. Mradi ukikamilika, alama inabaki pale na kijiji kinaingia kwenye hesabu ya vijiji vyenye umeme. Kikao cha kwanza cha kamati ya umeme kimeishia hapo. Wajumbe walitaka kujua alama hiyo itawekwa siku gani: siku mtambo utakapofungwa, siku nguzo zitakaposimama kando ya barabara, au siku mama anayeishi ng'ambo ya bonde, mwenye nyumba ya mwisho kwenye orodha yetu, atakapowasha taa saa mbili usiku na ikawaka.

Swali hilo halikuanza kwetu. Tarehe 28 Aprili 2018 India ilitangaza kwamba vijiji vyake vyote vimefikiwa na umeme. Ilikuwa kazi kubwa, na waliovuta nyaya hadi milimani wanastahili heshima yao. Lakini kwa kanuni iliyotumika, kijiji kilihesabiwa kina umeme iwapo transfoma na nyaya zipo, majengo ya umma kama shule na zahanati yameunganishwa, na angalau asilimia 10 ya kaya zimepata umeme. Kaya tisa katika kila kumi zingeweza kulala gizani na kijiji kikaitwa kimefikiwa. Serikali yao ililiona pengo hilo, ndiyo maana mpango wa Saubhagya, uliozinduliwa Septemba 2017, ukaacha kuhesabu vijiji na kuanza kuhesabu kaya.

Sisi tumeamua kwenda hatua moja zaidi na kuhesabu huduma inayoingia ndani ya nyumba. Kipimo tulichochagua ni kile kilichotolewa mwaka 2015 na ESMAP, programu ya nishati iliyo chini ya Benki ya Dunia. Kinagawa upatikanaji wa umeme katika ngazi kuanzia 0 hadi 5. Ngazi ya 1 ni umeme mdogo sana: angalau wati 3, saa nne kwa siku, na saa moja kati ya hizo iwe jioni. Hapo una taa na chaji ya simu. Ngazi ya 2 inaanzia wati 50, ukaweza kuwasha televisheni ndogo au feni. Ngazi ya 3 ni wati 200 na uniti moja kwa siku, umeme ukikaa saa nane, tatu zake jioni. Ngazi ya 5 ni kilowati 2 na saa 23 kwa siku. Ninachokipenda katika kipimo hiki ni kwamba saa za jioni zinahesabiwa peke yake. Umeme unaopatikana saa sita mchana na kukatika giza linapoingia unamfaa mwenye mashine, ila mwanafunzi haumsaidii kitu.

Tumeandika kwenye daftari la kamati: lengo la mwaka ni kila kaya iliyounganishwa ifike angalau ngazi ya 2, na kaya za mwisho wa laini zipimwe kwanza.

Kuhusu utafiti wa mahitaji: hatukumwuliza mtu atatumia umeme kiasi gani, maana hakuna anayeweza kulijibu swali hilo kwa kitu ambacho hajawahi kuwa nacho. Tuliuliza anatumia nini sasa. Mafuta ya taa kwa wiki, betri za tochi, nauli ya kupeleka simu ikachajiwe, dizeli ya mashine ya kusaga, kuni zinatoka wapi na nani anazileta. Majibu yalikuja kwa undani sana. Kaya maskini zaidi hutoa kwa mwanga hafifu wa koroboi sehemu kubwa ya mapato yao kuliko kaya zenye nafuu zinavyotoa kwa mwanga mzuri. Kwa maoni yangu hapo ndipo umaskini wa nishati unapouma zaidi.

Mwezi wa pili

Usanifu umekamilika. Gridi ya taifa iko mbali mno kwa sasa, na mito yetu hukauka sehemu ya mwaka, kwa hiyo maporomoko ya maji yalitoka kwenye hesabu mapema. Tunajenga gridi ndogo ya sola: paneli za kilowati 60, inveta, yaani vifaa vinavyogeuza umeme wa paneli na betri kuwa wa kutumika majumbani, za jumla ya kilowati 45, na betri za lithiamu aina ya fosfeti ya chuma zenye uwezo wa uniti 150.

Betri ndiyo iliyozua mjadala mkali zaidi. Betri za risasi ni nafuu dukani na mafundi wengi wanazifahamu. Lakini ukitaka zidumu usizishushe chini ya nusu, na joto huzichakaza vibaya: kwa kanuni ya mafundi, kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri wake kwa karibu nusu. Betri za fosfeti ya chuma zinaweza kutumika hadi asilimia 80 au 90 ya ujazo wake, na huvumilia maelfu ya mizunguko ya kuchaji na kutumia. Ukigawa gharama kwa kila uniti itakayopita ndani yake mpaka siku ya kustaafu, ile iliyoonekana ghali inageuka kuwa nafuu. Zaidi ya hilo, betri ya risasi ikifa na kuvunjwavunjwa uani na mtu asiye na vifaa, sumu inabaki kwenye udongo ambako watoto wanacheza. Kamati ilisikiliza hoja zote mbili na kupiga kura. Chumba cha betri kitakuwa na dari mbili na matundu ya hewa upande wa kivuli.

Paneli hazikuleta ubishi. Bei yake duniani ilishuka kwa takriban asilimia 90 katika muongo wa 2010 hadi 2020, na bila mteremko huo mradi wa namna hii usingewezekana kijijini.

Mwezi wa tatu

Nguzo zimesimama kwenye tawi la magharibi na la kaskazini. Tawi la mashariki, linalovuka bonde, limekwama, na inafaa nieleze sababu kwa kirefu kwa kuwa jambo hili litawakuta wengine.

Mkandarasi wa nyaya alituletea pendekezo la kubadilisha waya wa tawi hilo. Usanifu unataka waya wa alumini wa milimita za mraba 50. Yeye alitaka kufunga wa milimita za mraba 25, akisema kaya za huko ni chache, hazina vyombo vya umeme, na zitawasha taa tu. Tofauti ya gharama ni kubwa, na wajumbe wawili walianza kukubali.

Tukakaa chini na karatasi. Waya wa milimita za mraba 50 una ukinzani, yaani ugumu wa kupitisha umeme, wa omu 0.64 kwa kilomita. Nyumba ya mwisho iko mita 800 kutoka mtambo, na umeme wa njia moja (fezi moja) huenda na kurudi, kwa hiyo ni kilomita 1.6 za waya, sawa na omu 1 hivi. Kaya za mwishoni zikivuta ampea 20 kwa pamoja, volti 20 zinapotea njiani. Zilizoondoka 230 zinafika 210, na hapo bado tumo ndani ya kiwango kinachokubalika cha kupungua asilimia 10, yaani 207. Sasa weka waya wa milimita za mraba 25, wenye ukinzani wa omu 1.2 kwa kilomita. Volti 38 zinapotea. Nyumba ya mwisho inapata 192. Taa za LED zinaweza kuvumilia, lakini friji itahangaika kuwaka, mota itavuta ampea nyingi kupita kiasi na kuungua, na mwenye nyumba ataambiwa kosa ni la friji yake.

Mwenyekiti wa kamati aliuliza swali moja tu: «Sasa fundi, hao wa ng'ambo wakipata uwezo wa kununua friji mwakani, waya tutaubadilisha kwa fedha ya nani?»

Pendekezo limekataliwa kwa kauli moja. Nimeiweka hesabu hii hapa nzima ili kamati nyingine ikiletewa pendekezo kama hilo iwe na pa kuanzia. Upungufu wa volti hauonekani kwa macho. Nguzo zinafanana, waya unafanana, na picha ya uzinduzi inapendeza vilevile. Anayeumia ni yule wa mwisho, ambaye mara nyingi ndiye aliye mbali pia na vikao.

Mwezi wa nne

Waya sahihi umefika na tawi la mashariki limekamilika. Paneli zimefungwa kwenye fremu, zikielekezwa na kuinamishwa ili mvua izioshe. Vumbi likiachwa hula uzalishaji kimyakimya, kwa hiyo vijana wawili wamepewa ratiba ya kuzipangusa kipindi cha kiangazi, alfajiri kabla kioo hakijapata moto.

Zahanati imepewa mfumo wake wa pembeni, pamoja na kuunganishwa na gridi. Friji ya chanjo inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, usiku na mchana, na sikutaka usalama wa chanjo utegemee matumizi ya kijiji kizima jioni. Tumechagua friji inayoendeshwa moja kwa moja na sola: mchana inagandisha barafu iliyozungushwa ndani ya kuta zake, usiku ile barafu inatunza ubaridi, na haihitaji betri yoyote ya kuja kufa. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani na wenzake walitoa ripoti inayoonyesha kwamba karibu watu bilioni moja, katika nchi za kipato cha chini na cha kati chini, wanategemea vituo vya afya visivyo na umeme kabisa au vyenye umeme usioaminika. Muuguzi wetu amezalisha akina mama kwa tochi ya simu. Sasa chumba cha kujifungulia kina taa mbili na taa ya akiba.

Mwezi wa tano

Mtambo umewashwa. Shule, zahanati, maduka na nyumba zilizokuwa tayari zimepata umeme siku hiyohiyo. Watu walifurahi sana, nami nilifurahi pamoja nao, lakini kesho yake asubuhi tulirudi kwenye orodha. Zaidi ya theluthi moja ya kaya zilizo karibu kabisa na nguzo zetu hazikuwa na umeme.

Sababu haikuwa kutojali. Mtambo ulifika, ila wayaringi ya nyumba ilibaki juu ya mwenye nyumba: mabomba, nyaya, swichi, sakiti breka, fundi mwenye leseni, ukaguzi. Kwa nyumba ya udongo yenye vyumba viwili gharama hiyo ni kubwa kuliko ada ya kuunganishwa. Mjane mmoja alinionyesha nguzo iliyosimama hatua chache kutoka mlangoni kwake, akasema, «Baba, nguzo naiona kila siku. Mimi hunielezi kitu kwa nguzo.»

Njia ya kutoka hapo inajulikana. Afrika Kusini, katika upanuzi wake mkubwa wa miaka ya 1990, ilitumia kibao kimoja kilichokwisha kuungwa kiwandani, chenye sakiti breka, soketi na taa, kinachotundikwa ukutani bila kusuka nyaya nyumba nzima. Tanzania kifaa cha aina hiyo kinajulikana kama UMETA, yaani Umeme Tayari. Tumeagiza vya kutosha kaya zote zilizobaki. Kila kimoja kina breka ya kukinga mtu asipigwe na umeme, soketi mbili, kishikio cha taa, na waya mrefu wa kupeleka taa ya pili chumbani. Taa ya LED ya wati 5 inatoa mwanga karibu sawa na balbu ya zamani ya wati 40, hivyo kaya yenye taa tatu inatumia umeme mdogo sana na bado inaona vizuri.

Malipo yamewekwa ndani ya tokeni. Kila mara mtu anaponunua umeme, sehemu ndogo inakwenda kulipia kibao mpaka deni liishe. Jambo hili lina historia. Marekani mwaka 1935 takriban shamba moja tu katika kila kumi lilikuwa na umeme, kwa kuwa kampuni za umeme ziliona kuvuta waya mashambani hakulipi. Rais Roosevelt akaanzisha wakala wa umeme vijijini mwaka huo, na sheria ya 1936 ikaruhusu mikopo ya muda mrefu kwa vyama vya ushirika vya wakulima wenyewe. Sheria hiyohiyo iliruhusu pia mikopo ya wayaringi za nyumba na vifaa vya umeme. Waliona tangu mwanzo kwamba laini inayopita juu ya paa la mtu haimnufaishi mpaka iingie ndani, nami nadhani miradi mingi ya leo inalipuuza somo hilo kwa sababu wayaringi haina fungu kwenye bajeti ya wafadhili.

Mwezi wa sita

Mashine ya kusaga. Hii ndiyo kazi iliyotushughulisha mwezi mzima.

Mwenye mashine alikuwa akitumia injini ya dizeli na ameamua kuhamia mota ya umeme ya kilowati 7.5, njia tatu. Ikishazunguka, mota hiyo inavuta ampea 15 hivi, na mtambo wetu unaibeba bila shida. Tatizo ni kuiwasha. Mota ikiunganishwa moja kwa moja hunyonya mara sita au saba ya ampea zake za kawaida kwa sekunde chache za mwanzo. Yaani karibu ampea 100. Inveta zetu kwa pamoja zinatoa kama 65 kwa kila njia. Kwa hiyo mota ingewashwa moja kwa moja, inveta zingejikinga kwa kuzima, na kijiji kizima kingeingia gizani kila gunia jipya linapopandishwa.

Kuna swichi ya kizamani ya nyota na delta, inayopunguza mvuto wa kuanzia hadi theluthi. Ingetosha kwa shida. Tumechagua kifaa kinachoongeza kasi ya mota taratibu kuanzia sifuri. Kwa kifaa hicho mota inaanza bila kuvuka sana ampea zake za kawaida. Kimegharimu zaidi na hakipendi vumbi la unga, kwa hiyo kimefungwa kwenye sanduku lililozibwa, ukuta wa nje, upande usio na jua.

Siku ya majaribio nilisimama kwenye chumba cha inveta nikiangalia kioo huku fundi akiwa mashineni na simu sikioni. Ampea zilipanda polepole: tatu, saba, kumi na moja, kumi na nne, zikatulia. Taa ya chumbani haikutikisika. Mwenye mashine alitia nafaka, akasikiliza mlio, akasema unga unatoka laini kuliko wa dizeli kwa sababu kasi haipandi na kushuka. Sikuwa nimelifikiria hilo, lakini kwa wateja wake ndilo lililo muhimu.

Tumepanga bei ya mchana iwe chini ya bei ya usiku. Kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri paneli zinazalisha kuliko tunavyotumia, na umeme usiotumika unapotea. Mashine ya kusaga, fundi wa kuchomelea, pampu ya maji na kinyozi wakifanya kazi saa hizo, wanaingiza mapato bila kugusa betri, na mapato hayo ndiyo yanayowezesha bei ya kaya kubaki chini. Gridi ndogo inayotegemea taa peke yake haiwezi kulipa gharama zake.

Pampu ya maji ilikuwa rahisi. Inajaza tangi mchana na kulala usiku.

Mwezi wa nane

Vipimo vya jioni. Tuliweka vifaa vya kurekodi volti kwenye nyumba za mwisho za matawi yote matatu. Magharibi na mashariki pako salama. Kaskazini, kuanzia saa moja usiku, volti zilikuwa zikishuka chini ya 207 ingawa waya ni ule ule mnene na tawi ni fupi zaidi.

Fundi alizunguka nyumba kwa nyumba akikagua viungo kwenye nguzo. Kaya karibu zote za tawi hilo zilikuwa zimeunganishwa kwenye njia ile ile moja kati ya tatu, kinyume na orodha aliyopewa aliyezifunga. Njia mbili zilikuwa zikilala bure na moja inabeba mzigo wote, na waya wa kurudishia nao ukielemewa. Tumezigawa upya: nyumba ya kwanza njia ya kwanza, ya pili njia ya pili, na kuendelea hivyo. Volti zimerudi juu ya 215 bila kununua hata mita moja ya waya. Sasa kila kiungo kina alama ya rangi ili mtu yeyote aweze kukagua kwa kutazama juu.

Kipimo cha ngazi: kaya nyingi ziko ngazi ya 2, baadhi ziko ya 3, na wenye maduka ya vinywaji baridi wanakaribia ya 4. Zilizobaki ngazi ya 1 ni zile ambazo umeme upo ila fedha ya tokeni haipo mwisho wa mwezi. Kamati imepitisha kiasi kidogo cha umeme kwa bei ya chini kabisa, kinachofidiwa na wanaotumia uniti nyingi. Afrika Kusini ilianza mwaka 2003 kutoa uniti 50 bure kwa mwezi kwa kaya maskini. Sisi hatuna hazina ya serikali nyuma yetu, kwa hiyo hatuwezi kutoa bure, lakini taa na simu ni vitu ambavyo kaya isivikose kwa sababu ya wiki mbaya.

Mwezi wa tisa

Jikoni. Nimelisubiri suala hili kwa sababu bila umeme wa kuaminika lisingewezekana, na kwa sababu miradi ya umeme hujisifu kwa taa huku moshi ukiendelea palepale. Kwa takwimu za pamoja za mashirika ya kimataifa, mwaka 2023 watu milioni 666 duniani hawakuwa na umeme. Wasio na nishati safi ya kupikia walikuwa takriban bilioni 2.1, zaidi ya mara tatu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano. Ni wanawake na watoto walio karibu zaidi na moto, na ndio wanaobeba kuni.

Jiko la mafiga matatu linafikisha kwenye sufuria sehemu ndogo tu ya joto la kuni. Lililobaki linakwenda hewani pamoja na moshi. Sufuria la presha la umeme linakwenda kinyume: lina kuta zinazotunza joto, linavuta karibu kilowati 1 mpaka presha ipande, kisha linajizima na kujiwasha kwa muda mfupimfupi. Chakula kinachochemka muda mrefu ndicho kinachopata faida kubwa.

Kwa mtambo wetu hesabu iko hivi. Masufuria 20 yakiwashwa kwa pamoja saa moja usiku ni kilowati 20 juu ya taa na televisheni, na betri haitafika asubuhi. Yakiwashwa mchana ni mzigo ambao paneli zinautaka. Kundi la kwanza la kaya limekubali kupika vile vya muda mrefu kati ya saa tano na saa nane mchana, kwa bei ya mchana, na kupasha tu jioni. Hatujamwambia mtu aache kuni kabisa. Wenye jiko banifu, lile linalotumia kuni chache, wamebaki nalo kwa mapishi mengine.

Kinachonipa moyo ni maneno ya mama mmoja wa kundi hilo kwenye kikao. Alisema safari ya kuni iliyokuwa ya kila siku kadhaa sasa ni mara moja kwa wiki, na binti yake ameacha kuomba ruhusa shuleni siku za kuni. Niliyaandika kwenye daftari la vipimo, safu moja na volti.

Mwezi wa kumi na moja

Fedha. Mapato ya tokeni yanalipa mishahara ya mafundi wawili, mlinzi, na vipuri vidogo. Mfuko wa betri umeanza kuwekwa pembeni kila mwezi, kwa akaunti inayohitaji sahihi tatu, mojawapo ya mjumbe wa upande wa bonde. Sitakubali mfuko huo uguswe kwa jambo lingine. Mitambo mingi ya vijijini haikuuawa na radi wala wizi. Betri ilifika mwisho wa umri wake na hapakuwa na kitu cha kununulia nyingine.

Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika zilitangaza mwaka 2024 mpango wa kuwafikishia umeme watu milioni 300 barani Afrika ifikapo 2030, na viongozi wa nchi walikutana Dar es Salaam Januari 2025 kuujadili. Naombea ufanikiwe. Kazi ya kuhesabu huko itakuwa kubwa mno, na ningependa kila muunganisho uandikwe na ngazi yake, pamoja na volti za nyumba ya mwisho.

Gridi ya taifa nayo huenda ikafika siku moja. Nguzo, waya na mita zetu zimejengwa kwa kiwango kinachoruhusu kuungwa nayo, na mkataba unaeleza nini kitafanyika kwa mali ya kijiji siku hiyo.

Mwezi wa kumi na mbili

Yaliyobaki yameandikwa na kugawiwa watu. Kaya chache zilizojenga mbali na laini wakati mradi ukiendelea zitapewa sola ya nyumbani kwa malipo ya kidogokidogo. Njia hii imethibitika: Bangladesh, kwa mpango ulioanza 2003, ilifunga mifumo zaidi ya milioni 4 kwenye nyumba ambazo gridi haikufika. Masharti ya kwetu ni mamoja kwa wote: mfumo ufike ngazi ya 2, usiwe taa moja na chaja tu.

Kundi la pili la masufuria ya presha linaanza mwezi ujao. Nusu ya nafasi zimetengwa kwa kaya zinazotumia vibao vya Umeme Tayari, ambazo soketi zao zimekaguliwa na kuonekana zinamudu kilowati 1. Deni litalipwa kwenye tokeni kama la vibao. Kabla ya kuyagawa, fundi atarekodi tena volti za jioni kwenye matawi yote matatu, na idadi ya masufuria kwa kila njia itapangwa kwa matokeo hayo.